Dawa ya Mdudu Asiyekuwepo: Mbegu za Mahindi ya Saileji Tabora

Mvua za kwanza zinapokaribia Tabora, kuanzia katikati ya Novemba hadi mwanzoni mwa Desemba, maduka ya pembejeo hujaa mifuko ya mbegu nyekundu, za kijani na za bluu. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Uyui au Nzega anayetaka kupanda ekari mbili za mahindi ya saileji (mmea mzima unaokatwa mbichi na kushindiliwa shimoni uwe lishe ya ng'ombe) huambiwa achukue yenye dawa, maana "inalinda mizizi". Maneno hayo yalizaliwa mbali. Yametoka Iowa, Nebraska na Wisconsin, ambako kuna mdudu anayekula mizizi ya mahindi hadi shamba zima linalala chini, na dozi ya dawa ikapangwa kwa ajili yake. Tanzania mdudu huyo hayupo.

Hilo halifanyi mbegu yenye dawa iwe haina kazi Tabora. Kazi inayo, lakini ni nyingine, dozi yake ni ndogo, na haihitajiki kila shamba. Anayelipia ulinzi wa mizizi hapa ananunua bima ya moto kwa nyumba iliyojengwa bondeni kwenye mafuriko.

Tumwangalie kwanza huyo mdudu wa watu. Ni mbawakawa mdogo wa jenasi Diabrotica, urefu wake hauzidi sana milimita 6. Jike hutaga ardhini kati ya Agosti na Septemba, ndani ya shamba la mahindi lenyewe. Mayai huvuka baridi yote na kuanguliwa karibu na Juni. Buu akitoka akakosa mzizi wa hindi hana cha kula, anakufa. Ndiyo maana kwa miaka mingi mkulima wa Marekani alimshinda kwa kupanda soya mwaka mmoja na mahindi mwaka unaofuata, bila tone la dawa.

Anayeshindwa kufanya hivyo ni mfugaji. Malisho mabichi ni mazito kubeba na samadi nayo ni nzito kupeleka mbali, hivyo shamba lililo karibu na zizi hupandwa mahindi mwaka hadi mwaka. Mayai yanayotagwa leo yanahakikishiwa chakula mwakani. Kwa hali hiyo, mahindi ya saileji ndiyo yaliyogeuka makao ya mdudu huyu, na watengeneza dawa wakaja na viwango viwili vya kupaka mbegu: miligramu 0.25 kwa punje kwa wadudu wanaoshambulia miche, na miligramu 1.25 kwa punje kwa ajili ya buu huyo peke yake, anayeitwa funza wa mizizi. Dawa zenyewe ni za jamii ya neonikotinoidi, hasa klothianidini na thiamethoksamu. Mche hunyonya sehemu ndogo tu, kwa kawaida chini ya asilimia 20 ya kilichopakwa. Kinachobaki chote huishia kwenye udongo.

Ziweke namba hizo shambani. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, mmea mmoja kila shimo, hekta inabeba mimea 53,333. Dozi ndogo inaingiza ardhini gramu 13 hivi za kiambata, yaani sumu yenyewe iliyo ndani ya dawa, kwa hekta. Dozi kubwa inaingiza gramu 67. Tofauti hiyo ya gramu 54 ni ya mdudu ambaye hatunaye.

Tena hata kwao dozi kubwa haikuwa mwarobaini. Mayai huanguliwa wiki kadhaa baada ya kupanda, wakati dawa iliyokuwa imeizunguka punje imeshaanza kufifia na mizizi mipya imeshatoka nje ya eneo lake. Ndiyo sababu hushauriwa pale wadudu ni wachache au wa wastani. Wakiwa wengi, mizizi huliwa tu. Mahindi yaliyowekewa jeni za kumuua buu huyo yaliingia sokoni mwaka 2003, na kufikia 2009 mashamba ya Iowa yalikuwa na wadudu wasiodhurika nayo. Hayo tuwaachie wao.

Sasa udongo wa Tabora. Maadui wa mahindi walio ardhini hapa ni mchwa, funza weupe na sota, na hakuna hata mmoja anayeishi kwa mahindi peke yake. Hii ndiyo tofauti inayobadilisha hesabu yote, na ndiyo sioni ikisemwa. Mzunguko wa mazao unaommaliza funza wa Marekani kwa njaa hauwamalizi hawa. Funza weupe, wale wanene waliojikunja kama herufi C, wanakula mizizi ya mahindi, na ukibadilisha ukapanda karanga watakula maganda ya karanga. Mchwa watakula chochote chenye ukuni. Mzunguko ubaki kwa faida zake nyingine, ikiwemo rutuba, lakini usitarajie uwasafishe mchwa. Kwa mantiki hiyo mkulima wa Tabora ana sababu nzuri kuliko mwenzake wa Iowa ya kuilinda mbegu katika wiki za mwanzo, na hana sababu yoyote ya kulipia ulinzi wa mizizi wa msimu mzima.

Kabla ya kununua, chimba. Mvua mbili tatu zikishalainisha ardhi, chagua sehemu 10 shambani ukipita kwa mkato wa zigizaga, na kila sehemu toa udongo wa shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 30. Umwage juu ya turubai, uvunje mabonge, uhesabu. Ukikuta funza weupe karibu kila shimo, una tatizo la kweli. Ukiwakuta kwenye mashimo mawili yaliyo karibu na lundo la samadi, tatizo lako ni samadi. Mbawakawa mzazi huvutwa na samadi mbichi na masalia yanayooza, hutaga humo, nawe unamsafirisha kwa toroli hadi shambani. Samadi ikae miezi mitatu au zaidi, igeuzwe, ipoe kabisa ndipo isambazwe. Kulima mapema, wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, kunawaanika funza juani, na kunguru pamoja na yangeyange watafanya kazi iliyobaki bure.

Mche ukishaota, dalili zinasema nani ameingia, mradi uung'oe na kuutazama badala ya kukisia ukiwa umesimama. Mche uliokatwa usawa wa ardhi kama kwa wembe, na ukifukua kidogo pembeni unakuta kiwavi wa kijivu aliyejikunja, huyo ni sota. Mche ulionyauka wakati majirani zake wako wima, ukiuvuta unatoka kirahisi na mizizi imebaki vipande vifupi, ni funza weupe. Shina lililotafunwa kwa chini likajazwa udongo ndani ni mchwa. Jani la katikati likikauka peke yake huku ya pembeni yakiwa mabichi, mtafute bungua wa mabua au inzi wa mche ndani ya shina. Majani yenye madirisha meupe na matobo mengi, na vinyesi kama unga wa mbao kwenye kikombe cha mmea, ni kiwavijeshi vamizi, aliyethibitika nchini mwaka 2017. Dozi ndogo ya neonikotinoidi haimzuii huyu kwa maana yoyote ya kuridhisha. Kuna dawa za mbegu za jamii nyingine zinazompunguza kwa wiki mbili hadi nne, kisha shamba lazima likaguliwe kwa macho kama kawaida.

Na mahindi yaliyoinama chini kisha yakajikunja kwenda juu, kama shingo ya bata? Picha za namna hiyo kutoka Marekani ndizo zinazowatisha watu. Hapa sababu ya kawaida ni mizizi mifupi juu ya tabaka gumu lililoachwa na jembe la ng'ombe kina kile kile kila mwaka, au upungufu wa potasiamu. Saileji huondoa shamba zima, bua na jani, na potasiamu nyingi iko kwenye bua. Shamba la saileji lisilorudishiwa samadi litadhoofika mabua mwaka wa tatu au wa nne bila mdudu hata mmoja kuhusika, na mwenye nalo atanunua dawa.

Mchwa wanastahili maelezo zaidi, maana ndio wanaouza mbegu zenye dawa kuliko wote. Wale wa vichuguu vikubwa ndio mara nyingi hukata miche michanga, usiku au siku za mawingu. Hao kichuguu chao unakiona, unaweza kukishughulikia. Wapo wengine wadogo wanaoishi kwenye vyumba vilivyotawanyika chini ya ardhi bila kichuguu chochote, wanaopenya kupitia mizizi na kupanda ndani ya shina. Kubomoa vichuguu hakuwagusi kabisa. Hawa wadogo ndio huangusha mahindi, na huyaangusha hasa yanapoanza kukauka, kuanzia Aprili kwa yaliyopandwa mwanzoni mwa Desemba. Wakati huo mbegu yenye dawa ilishamaliza kazi yake miezi mitatu nyuma.

Hapa mfugaji ana bahati ambayo mkulima wa nafaka hana. Saileji haisubiri hindi likauke. Hukatwa mstari wa maziwa (mpaka kati ya sehemu ngumu na sehemu ya majimaji ndani ya punje) ukiwa umefika nusu ya punje au theluthi mbili, ukavu wa mmea mzima ukiwa asilimia 30 hadi 35, kwa mbegu nyingi siku 90 hadi 100 tangu kupanda. Kwa Tabora hiyo ni katikati ya Machi. Mchwa wa kuangusha wanapochangamka, mahindi yapo shimoni yameshindiliwa. Tarehe ya kuvuna inafanya kazi ambayo watu wanaitafuta kwenye dawa. Anayechelewa hadi Aprili ndiye anayekutana nao, na hasara yake haiishii kwenye mimea iliyoanguka. Shina lililotafunwa na mchwa limejaa udongo, na mahindi yaliyolala yameoga matope. Udongo huo unaingia shimoni ukiwa na bakteria wa klostridia, wanaogeuza sukari na asidi nzuri kuwa asidi ya butiriki. Saileji inanuka kama siagi iliyochacha, ng'ombe anaigeuzia mgongo. Kata sentimita 15 hadi 20 juu ya ardhi, na mmea ulioanguka ukiwa na udongo ndani ya shina uuache shambani. Mchwa nao wapate cha kula nje ya zao lako, maana shamba la saileji lililofagiliwa hadi jani la mwisho huwaachia miche ya msimu ujao tu.

Basi kazi halisi ya mbegu yenye dawa Tabora ni kulinda idadi ya mimea kwa wiki tatu hadi nne. Kwa saileji idadi hiyo ina uzito, kwani unavuna mmea mzima, na pengo shambani hujazwa na magugu yanayoingia shimoni pamoja na mahindi. Lakini rangi ya punje isikudanganye. Rangi ni rangi, imewekwa ili mtu asiile mbegu. Mifuko mingi yenye punje nyekundu ina dawa ya ukungu peke yake, pengine na dawa ya kuzuia bungua ghalani. Soma jina la kiambata kwenye lebo. Lisipokuwepo jina la kiuadudu, hujanunua kiuadudu. Lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, inathibitisha mbegu. Kuhusu dawa, angalia usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Wanaopaka wenyewe hukosea zaidi kwenye kipimo. Kilo moja ya mahindi ina punje 3,000 hivi. Dozi ya miligramu 0.25 kwa punje ni gramu 0.75 za kiambata kwa kilo. Kama chupa ina gramu 600 kwa lita, hiyo ni mililita 1.25 kwa kilo, au 12.5 kwa mfuko wa kilo 10. Kiasi hicho hakipimwi kwa kizibo. Nunua bomba la sindano la mililita 20, litumike kwa kazi hiyo tu. Ongeza maji hadi mchanganyiko wote ufike mililita 100 kwa kilo 10, mimina kwenye pipa lenye kifuniko, zungusha hadi punje zote ziwe na rangi moja, kisha anika kivulini juu ya turubai. Glovu na barakoa ni lazima. Lebo ya dawa uliyonunua ikisema kipimo kingine, fuata lebo. Hesabu hii ikusaidie kugundua kama umetajiwa mara tano ya unachohitaji. Usipake mbegu ambayo hujaipima uotaji: punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku saba, zikiota chini ya 85 dawa haitaziokoa.

Kuna desturi mbili zinazoua dawa kabla haijafanya kazi. Ya kwanza ni kuloweka mbegu usiku kucha ili iwahi kuota. Ukiloweka iliyopakwa umeiosha, na maji yale mekundu unayamwaga mahali kuku wanapokunywa. Ya pili ni kupanda juu juu kwenye mchanga. Udongo mwingi wa Tabora ni wa kichanga, na thiamethoksamu huyeyuka kwenye maji kirahisi sana, takriban gramu 4 kwa lita, wakati imidaklopridi ni gramu 0.6 na klothianidini gramu 0.3 hivi. Mvua kubwa ya Desemba inaishusha chini ya mizizi mapema. Kwenye mchanga chagua kiambata kisichoyeyuka haraka, ukipanda kina cha sentimita 5.

Sasa nyuki, kwa kuwa huwezi kuzungumzia dawa Tabora ukawaruka. Mkoa huu una misitu ya miombo, mizinga ya magogo na magome juu ya miti kutoka Sikonge hadi Kaliua, na chuo chake cha ufugaji nyuki. Masika ya mwaka 2008 (ya Ulaya) katika bonde la Rhine, kusini magharibi mwa Ujerumani, zaidi ya makundi 11,000 ya nyuki yalidhurika, ya wafugaji karibu 700. Chanzo kilikuwa mbegu za mahindi zilizopakwa klothianidini kwa dozi ya funza wa mizizi, aliyekuwa ameanza kuingia huko. Dawa haikushika vizuri kwenye punje, na mashine za kupandia zinazotumia upepo zikapuliza vumbi lake hewani juu ya maua yaliyokuwa yamechanua. Umoja wa Ulaya uliwekea vikwazo dawa tatu za jamii hiyo mwaka 2013, na 2018 ukapiga marufuku kuzitumia mashambani nje ya kitalu nyumba.

Anayepanda kwa jembe Tabora hapulizi vumbi hilo. Hatari iko kwa mwenye mashine ya trekta, na iko kwenye unga uliobaki chini ya mfuko. Usiumimine kwenye mashine, uchimbie. Panda asubuhi upepo ukiwa umetulia, na usiache punje juu ya ardhi wala dimbwi la maji ya kuoshea vifaa, kwa sababu nyuki wa Novemba wana kiu. Wanaolima tumbaku Urambo wakumbuke kwamba imidaklopridi ya kitaluni ni ya jamii hiyo hiyo. Nyuki hatofautishi imetoka kwenye zao gani, na udongo unaopokea tumbaku mwaka huu na mahindi mwakani unapokea zote mbili.

Kama bado una shaka, pima. Nunua mbegu aina moja, nusu yenye kiuadudu na nusu isiyo nacho, upande mistari minne ya hii na minne ya ile ikipishana shambani. Kwa nafasi ya sentimita 75, mita 13.3 za mstari ni sehemu ya elfu moja ya hekta, na zinapaswa kuwa na mimea 53. Hesabu siku ya 14 na siku ya 28, sehemu tano kila upande. Tofauti ikiwa mimea miwili mitatu, mwakani ongeza punje badala ya dawa. Ikiwa mimea 10, umepata jibu kwa shamba hilo, na si lazima liwe jibu la shamba la jirani.

Kwenye mistari yenye dawa panda punje moja kila shimo. Sababu moja ni bei. Nyingine ni kwamba anayepanda mbili hupunguzia wiki ya tatu, na miche inayong'olewa huishia mdomoni mwa ndama au mbuzi, ikiwa katika umri ambao kiambata ndani yake hakijaisha. Miche ya kupunguzia yenye dawa ifukiwe. Ekari moja kwa punje moja moja inataka mimea 21,600, yaani kilo 8 ukiweka na ya akiba. Mfuko wa kilo 10 utabakiza kilo mbili. Hizo hazioshwi, hazisagwi, hazipewi kuku. Zifungwe kwenye mfuko wake wenye lebo, zitundikwe juu pasipofikiwa na mtoto, zipandwe kuziba mapengo ndani ya siku 10, na zinazobaki zifukiwe mbali na kisima.